Nywila Moja, Makeshia Watatu: Uchambuzi wa Kisa cha Tawi la Benki

Majina ya watu, ya benki na ya mahali yameondolewa, na baadhi ya namba zimesogezwa kidogo ili wahusika wasitambulike. Mtiririko wa matukio haujaguswa. Niliitwa kwenye tawi hili miezi kadhaa baada ya mambo kutulia, nikiwa mwezeshaji wa mafunzo ya viongozi wa matawi. Nilizungumza na karibu wote waliohusika, akiwemo mmoja ambaye hakuwa tena mfanyakazi wa benki.

Usuli

Tawi lilikuwa na wafanyakazi 14: makeshia 5, msimamizi wa kaunta 1, maofisa wa huduma kwa wateja 3, maofisa mikopo 3, mkuu wa mikopo na meneja wa tawi. Kwa ikama ya benki wasimamizi wa kaunta walitakiwa kuwa wawili. Nafasi ya pili ilikuwa wazi kwa miezi 7. Kila tawi lilipoandika barua, ofisi ya kanda ilijibu kwamba suala liko kwenye bajeti.

Kwa ambaye hajawahi kukaa nyuma ya kioo, kaunta inaendeshwa hivi. Keshia ana ukomo wake. Mteja akitaka kutoa fedha zinazozidi ukomo huo, au muamala uliokosewa ukihitaji kubatilishwa, au akaunti iliyolala ikitaka kuamshwa, keshia hawezi kumaliza peke yake. Anaandaa muamala, kisha msimamizi anakuja, anasoma nyaraka, anamtazama mteja, anaingiza utambulisho na nywila yake, na muamala unapita. Sheria yenyewe ni ya zamani kuliko kompyuta: anayeandaa asiwe anayeidhinisha. Tatizo la mfumo ni kwamba unaona utambulisho tu. Hauoni ni mkono wa nani uliobonyeza.

Meneja wa tawi alikuwa mgeni. Alitoka idara ya mikopo makao makuu, alikokaa miaka 12 akisoma mafaili, na hakuwahi kufanya kazi ya kaunta. Aliyemtangulia alikuwa amepandishwa cheo na kupelekwa ofisi ya kanda kusimamia uendeshaji wa matawi. Kwa maneno mengine, mtu aliyeliongoza tawi hili jana ndiye aliyekuwa anapokea taarifa zake leo. Hilo msomaji aliweke akilini, kwa sababu linaeleza mengi.

Jambo la mwisho la usuli ni sifa. Tawi lilikuwa limeongoza kanda nzima kwa muda mfupi wa foleni kwa robo mwaka 3 mfululizo. Cheti kilikuwa kimetundikwa ukutani, mahali ambapo mteja akiingia tu anakiona. Muda wa foleni ulikuwa na uzito mkubwa kwenye alama za utendaji za kila mmoja, kuanzia meneja hadi keshia wa mwisho.

Saa 5:40 asubuhi

Wiki ya tatu ya meneja mpya, siku ya Jumanne, kilifanyika kikao cha mikopo kuanzia saa 4:30 hadi saa 6:15. Msimamizi wa kaunta alialikwa kwa sababu faili moja lilihusu mteja mwenye fedha nyingi taslimu. Alikaa kikao chote, hakutoka hata mara moja.

Kesho yake asubuhi meneja alifanya jambo ambalo mameneja wengi wa matawi hulikwepa kwa kuona ni la watu wa chini: alisoma ripoti ya miamala isiyo ya kawaida, mstari kwa mstari. Ndiyo tabia aliyokuja nayo kutoka kwenye mikopo. Akakuta idhini 4 zilizotolewa kwa utambulisho wa msimamizi kati ya saa 5:10 na saa 6:00. Moja ilikuwa ya saa 5:40 kamili. Saa hiyo msimamizi alikuwa amekaa mbele yake, upande wa pili wa meza, akieleza jinsi mteja yule anavyoweka fedha.

Wazo lake la kwanza lilikuwa kwamba saa ya mfumo imekosea. Akamwita msimamizi.

“Bosi, nisikufiche,” alisema msimamizi kabla hata ya kuketi. “Ile nywila wanayo.”

“Nani?”

“Watatu. Foleni ikifika mlangoni mimi siwezi kuwa kila dirisha.”

Jinsi ilivyoanza haikuwa na ujanja wowote. Wiki chache baada ya mwenzake kuondoka, msimamizi alikuwa ndani ya chumba cha hazina akihesabu fedha pamoja na mshika ufunguo wa pili. Kwa utaratibu, hesabu ikishaanza hakuna anayetoka. Keshia akagonga mlango: kuna mzee amesimama dirishani karibu nusu saa, anahitaji idhini moja tu. Msimamizi akamwandikia nywila kwenye karatasi, akamwambia aichane akimaliza. Keshia akaichana kweli. Lakini wiki iliyofuata hakukuwa na haja tena ya karatasi. Mfumo ulipomlazimisha kubadili nywila kila baada ya siku 30, aliibadili kwa uaminifu kabisa na kuwatajia mpya. Hakuna kanuni ya usalama wa mfumo iliyovunjwa isipokuwa ile moja ambayo nyingine zote zinaiegemea.

Siku mbili za kusubiri

Sera ya benki ilikuwa wazi: tukio la namna hii linaripotiwa siku hiyo hiyo kwa ukaguzi wa ndani na kwa idara ya vihatarishi. Meneja aliripoti siku ya tatu.

Nilimuuliza kwa nini. Alitoa sababu mbili, na ninamheshimu kwa kutaja ya pili. Ya kwanza ilikuwa kwamba alitaka kujua ukubwa wa jambo kabla ya kupiga kengele. Ya pili ni kwamba nakala ya taarifa ingekwenda kwa mtangulizi wake kule kanda, na ingemwambia kwamba haya yalitokea chini ya pua yake, tena miezi yote aliyokuwa akipokea vyeti. Yeye ana wiki 3 kazini. Alihitaji kujipanga.

Siku hizo mbili hakukaa bure. Saa ile ile alimsimamia msimamizi akabadili nywila, na akaweka wazi kwamba mwenye kuitaja tena ataondoka. Kisha akafanya jambo ambalo kwangu ndilo bora kuliko yote aliyoyafanya katika kisa hiki. Alivuta kiti, akakaa nyuma ya makeshia tangu milango inafunguliwa hadi inafungwa, akiwa na daftari.

Alihesabu. Siku ile makeshia waliomba idhini mara 74. Idhini moja ikifanywa inavyotakiwa, yaani kusoma fomu, kulinganisha sahihi na kuthibitisha kitambulisho, ilichukua dakika 3 hivi. Hizo ni dakika 222, karibu saa 4 kasorobo, katika kaunta iliyokuwa wazi kwa saa 7. Juu ya hapo msimamizi huyo huyo alitakiwa kufungua na kufunga hazina, kujaza mashine ya kutolea fedha na kupokea gari la fedha, na kazi zote hizo ni za watu wawili ambazo ukishazianza huwezi kuziacha katikati. Kati ya zile 74, zaidi ya nusu zilikuwa za aina moja: mteja anatoa kiasi kinachozidi ukomo wa keshia kidogo sana. Ukomo huo haukuwa umeguswa kwa miaka.

Kwa hesabu ile, foleni fupi ya tawi hili haikuwezekana bila nywila kutembea. Cheti kilichokuwa ukutani kilikuwa ni ushahidi, ila hakuna aliyejua kukisoma.

Ahadi

Jioni ya siku ya pili, baada ya makeshia kubalansi, yaani kulinganisha fedha walizonazo na hesabu za siku, meneja aliwaita wote. Alieleza alichokigundua bila kumtaja mtu. Alieleza alichokihesabu, na watu wakatazamana, kwa sababu ilikuwa mara ya kwanza mkubwa yeyote kusema kwa sauti kwamba kazi ile haitoshi mtu mmoja. Halafu akasema hivi: “Aliyetumia nywila ile aje aniambie kabla ya kesho saa tatu asubuhi. Hakuna atakayeumia kwa kusema ukweli.”

Lile neno, *hakuna atakayeumia*, alilisema kwa moyo mweupe. Alihitaji ukweli haraka, na aliona hofu kwenye nyuso. Lakini meneja wa tawi katika benki hii hakuwa na mamlaka ya kusamehe kosa la aina ile. Mamlaka hayo yalikuwa ya kamati ya nidhamu, makao makuu, chini ya rasilimali watu. Aliahidi kwa kalamu isiyokuwa yake.

Makeshia wawili walikwenda ofisini kwake usiku ule ule, kabla hata ya kuondoka. Wa tatu hakwenda. Asubuhi alipoulizwa ana kwa ana alisema hajawahi kuitumia.

Siku hiyo ya tatu meneja aliandika taarifa kwa ukaguzi wa ndani, nakala kanda. Aliambatisha maelezo ya wale wawili na hesabu ya idhini 74. Katika aya ya mwisho alipendekeza kwamba kukiri kwao kuzingatiwe. Hakuandika kwamba alikwisha kuahidi.

Ukaguzi na barua

Wakaguzi walikaa siku 4. Mfumo huhifadhi si utambulisho tu bali na mashine iliyotumika, kwa hiyo hawakuhitaji kumuuliza mtu. Utambulisho wa msimamizi ulikuwa umetumika kwenye mashine za makeshia mamia ya mara. Ulitumika hata katika siku 2 ambazo yeye alikuwa amelala nyumbani na cheti cha daktari. Na likizo yake ya lazima, ile ya siku 10 za kazi mfululizo ambayo mabenki huitumia makusudi ili mtu mwingine akae kwenye kiti na kuona kilichofichwa, hakuwa ameichukua kwa zaidi ya mwaka, kwa kuwa hakukuwa na wa kumkaimu.

Je, kuna fedha iliyoibwa? Hakuna hata senti. Idhini 11 hazikuwa na nyaraka kwenye faili, wateja wakapigiwa simu mmoja mmoja na wote wakathibitisha kwamba fedha walipokea wao. Muamala mmoja ulikuwa umebatilishwa kwenye akaunti isiyohusika, mteja akarudishiwa na kuombwa radhi. Ni hayo tu.

Keshia wa tatu, yule aliyekana, alikutwa ndiye aliyetumia nywila mara chache kuliko wote. Mara 6.

Barua za kujieleza zilikuja kwa wote wanne, kwa maneno yale yale. Wawili waliokiri walipewa onyo la mwisho la maandishi la miezi 12, jambo lililomaanisha kukosa bonasi ya mwaka na kutoruhusiwa kuomba nafasi ya juu. Msimamizi alishushwa cheo na kuhamishwa. Keshia wa tatu aliachishwa kazi. Kosa lililoandikwa kwenye barua yake lilikuwa kutoa maelezo ya uongo wakati wa uchunguzi. Meneja naye alipata barua ya karipio kwa kuchelewa siku mbili.

Mtangulizi wake hakupata barua yoyote. Niliuliza kama hilo lilijadiliwa. Niliambiwa halikuwa ndani ya hadidu za rejea za ukaguzi, yaani mipaka ya kazi waliyopewa wakaguzi.

Ukimya

Miezi miwili iliyofuata tawi lilikuwa safi kwenye karatasi, na hapo ndipo meneja alipoanza kukosa usingizi.

Kabla ya tukio, makeshia walikuwa wakiandika wenyewe makosa madogo kwenye daftari la siku: nimepata shoti (fedha zimepungua kwenye hesabu), nimeingiza namba vibaya, nimempa mteja noti pungufu akarudi. Kwa wastani yalikuwa 8 au 9 kwa mwezi. Baada ya barua yakawa 0. Mwezi uliofuata, 0 tena. Ripoti ya kanda ililisifu tawi kwa maboresho. Meneja, ambaye maisha yake yote alikuwa akisoma namba, alijua kwamba watu 4 waliobaki kaunta, na msimamizi mmoja aliyeletwa kukaimu, hawawezi kuacha kukosea ghafla ndani ya wiki moja. Ukweli ulijitokeza keshia mmoja alipomkopa mwenzake ili ajazie shoti kutoka mfukoni, na mkopeshaji akalisema bila kukusudia.

Foleni nayo ilirefuka. Wastani wa kusubiri ulitoka dakika 12 ukafika 31. Simu za kanda zikaanza.

Meneja alichukua hatua mbili, na mpangilio wake ulikuwa sahihi. Alianza na watu. Katika kikao cha asubuhi, kabla ya milango kufunguliwa, aliwaambia: “Niliwaahidi kitu ambacho hakikuwa changu kuahidi. Wawili kati yenu walinisikiliza na wameumia. Sitawaahidi tena jambo lililo nje ya uwezo wangu, na mtakaponiuliza nitawaambia uwezo wangu unaishia wapi.” Kulikuwa kimya. Kisha mmoja wa wale wawili akasema: “Mama, tulijua. Ila tulitaka kuamini.”

Hatua ya pili aliielekeza juu. Aliandika kanda, safari hii bila kuomba mfanyakazi, kwa kuwa maombi ya wafanyakazi yanajibiwa kwa neno moja. Aliweka hesabu ya dakika 222 na kuomba kanda ichague: ijaze nafasi, au ipandishe ukomo wa makeshia, au iondoe muda wa foleni kwenye alama za tawi hadi nafasi ijazwe. Akaomba jibu kwa maandishi. Barua hiyo ilikuwa na adabu zote, na ilikuwa ngumu kuitupa kapuni, kwa sababu mkaguzi yeyote ajaye angeikuta kwenye faili pamoja na jibu lake au bila jibu lake.

Ndani ya wiki 3 ukomo ulipandishwa kwa wateja wanaotoa fedha kwa kadi na namba ya siri, ambao mfumo tayari umewatambua. Maombi ya idhini yakashuka kutoka 74 hadi karibu 40 kwa siku. Ofisa mmoja wa huduma kwa wateja alifundishwa na kupewa haki ya kuidhinisha saa za katikati ya mchana. Nafasi ya pili ilijazwa mwezi wa tano baada ya tukio.

Katika kipindi cha mpito meneja mwenyewe alikaa kaunta kuidhinisha kila siku kuanzia saa 4 hadi saa 6. Kila mtu alimsifu. Ilichukua wiki mbili mkuu wa mikopo kumtanabahisha: “Bosi, ile ripoti ya asubuhi unayoisoma, sasa hivi nusu yake ni idhini zako mwenyewe.” Alikuwa amejiweka mwidhinishaji na mkaguzi wa kazi yake mwenyewe, kosa lile lile kwa sura ya kujitolea. Kuanzia siku hiyo ripoti ilisomwa na mkuu wa mikopo, na inasomwa naye hadi leo.

Uchambuzi: ahadi ya msamaha

Washiriki wa mafunzo wakisoma kisa hiki, wengi husema kosa la meneja lilikuwa huruma. Mimi sikubali. Kutaka watu waseme ukweli bila kuogopa ni jambo ambalo sekta nyingine zimelijengea mifumo mizima. Marekani, tangu mwaka 1976, rubani au mwongozaji wa ndege aliyekosea anaweza kutuma taarifa kwenye mfumo wa siri unaoendeshwa na NASA, shirika la anga za juu, na mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi hiyo humwondolea adhabu ikiwa alituma ndani ya siku 10 na hakukusudia kuvunja kanuni. Msamaha huo umeandikwa kabla ya kosa kutokea. Anayeutoa ni yule mwenye uwezo wa kuadhibu. Anayepokea taarifa ni chombo kingine kabisa, kisicho na fimbo. Na mipaka yake inajulikana: uhalifu na makusudi havimo.

Ahadi ya meneja ilikosa vyote vinne. Ilitolewa baada ya kosa, kwa mdomo, na mtu asiye na mamlaka, na haikuwa na mpaka. Tena ukipima kwa kipimo cha marubani, kugawana nywila kusingesamehewa hata huko, kwa sababu kulikuwa kwa kukusudia. Angeweza kusema hivi: “Sina uwezo wa kuwaepusha na barua. Nina uwezo wa kuandika nilichokihesabu, na nitaandika kwamba ulikuja mwenyewe.” Wangekuja wachache zaidi, labda mmoja. Lakini daftari la shoti lisingekufa.

Uchambuzi: kilichosifiwa

Msimamizi alijua sheria. Makeshia walijua sheria, kila mwaka walikuwa wanasaini fomu. Walichokijua zaidi ni kile kinachopigiwa makofi. Kila robo mkubwa kutoka kanda alikuja, akasimama mbele yao, akasifu dakika 12. Hakuna aliyewahi kusimama akasifu idhini iliyosomwa vizuri, na sijui ingesifiwaje, kwa kuwa idhini iliyosomwa vizuri haina tukio.

Wenye mabenki wana mfano mkubwa wa jambo hili. Wells Fargo ya Marekani ilipotozwa faini ya dola milioni 185 mwaka 2016 kwa akaunti zilizofunguliwa bila ridhaa ya wateja, ilielezwa kwamba karibu wafanyakazi 5,300 walikwisha kufukuzwa katika kipindi cha miaka kadhaa. Maelfu walifukuzwa kwa miaka hiyo, na malengo ya mauzo yaliyowasukuma yakabaki palepale. Mtendaji mkuu alijiuzulu Oktoba mwaka huo. Tawi letu ni dogo mno kulinganishwa na hilo kwa ukubwa, ila mpangilio wa adhabu ulikuwa na sura ile ile: barua zilishuka kwa walioshika nywila, na waliopanga alama za foleni huku kiti kiko wazi wakabaki nje ya hadidu za rejea.

Uchambuzi: “hakuna hasara”

Makeshia wote, pamoja na msimamizi, waliniambia kwa uchungu kwamba hakuna aliyeibiwa. Ni kweli, na inastahili kusemwa, kwa sababu inaonyesha walikuwa watu wa namna gani. Lakini nywila iliyogawanywa haichagui mtu. Benki ya Barings ya Uingereza ilianguka Februari 1995 baada ya mfanyakazi wake Nick Leeson, huko Singapore, kuachiwa kufanya biashara na wakati huo huo kusimamia ofisi inayothibitisha biashara hiyo. Hasara ilifikia pauni milioni 827. Ile nafasi mbili kwa mtu mmoja ilikuwepo kabla ya hasara, na kwa muda ilionekana ni ufanisi, maana ilipunguza gharama na faida zilionekana kumiminika.

Kwa kiongozi, ugumu uko katika namna ya kulisema hili kwa watu waaminifu bila kuwaita wezi. Meneja alipata njia yake. Aliwaonyesha zile siku mbili ambazo msimamizi alikuwa mgonjwa nyumbani huku utambulisho wake ukiidhinisha miamala, akawauliza: siku ile fedha ingepotea, polisi wangekwenda kumchukua nani? Msimamizi alilia. Mpaka hapo hakuwa amefikiri kwamba aliyemweka hatarini ni yeye mwenyewe.

Wakaguzi walipendekeza idhini itolewe kwa alama ya kidole. Ni sawa, itazuia nywila kutembea. Haitazuia msimamizi mmoja mwenye maombi 74 kupita dirisha hadi dirisha akibonyeza kidole bila kusoma. Nimeona tawi lingine likifanya hivyo hivyo, na ripoti zake zinapendeza.

Uchambuzi: keshia wa tatu

Sehemu hii ndiyo inayozua ubishi mkali darasani, na sijawahi kufanikiwa kuufunga.

Alitumia nywila mara 6, wenzake mara nyingi zaidi. Alikuwa kwenye mkataba wa muda uliobakiza miezi 2 kuhuishwa, wenzake walikuwa wa kudumu. Aliposikia “hakuna atakayeumia” alipiga hesabu moja tu: mkataba unaweza usihuishwe bila mtu yeyote kuhitaji kumwadhibu. Ahadi hata ingekuwa ya kweli, isingemfikia. Nilipomuuliza kama angefanya tofauti, alijibu kwamba angekana tena, ila angeomba kwanza aone ripoti ya mashine.

Wapo wanaosema uongo katika benki haupimwi kwa idadi, na kazi ya kushika fedha za watu haiwezi kubeba mtu aliyeangaliwa usoni akakana. Wapo wanaosema benki ilimwadhibu kwa kuwa na mkataba dhaifu. Meneja yuko katikati, na anajilaumu kwa jambo dogo ambalo halimo kwenye barua yake ya karipio. Asubuhi ile alimuuliza keshia yule mbele ya msimamizi, mlango ukiwa wazi, wateja wakianza kuingia. “Nilimuuliza swali la kamati,” aliniambia, “mahali ambapo mtu anaweza kujibu neno moja tu.”

Wale wawili wenye onyo walimaliza miezi yao 12. Mmoja ameomba nafasi ya usimamizi wa kaunta na ameipata, katika tawi lingine. Daftari la shoti lina maingizo tena, 5 au 6 kwa mwezi. Cheti cha foleni kilishushwa ukutani wakati wa kupaka rangi na hakijarudishwa.